Muhuri wa Ploti ya Bluu

Ninyi vijana mnaotuundia serikali mpya ndani ya simu, tulieni kidogo niwasumbue. Mimi ni Wekesa, mstaafu, mkazi wa Mutuini, pembezoni mwa jiji, na kazi iliyonilea ilikuwa kukata mihuri ya raba katikati ya jiji. Chifu, mchungaji, mwalimu mkuu, chama cha akina mama, kijana mwenye kampuni ya mfukoni, wote walipanda ngazi zetu hadi orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, wakakaa kwenye benchi wakingoja mamlaka yao ikauke wino. Kwa hiyo serikali mimi nimeiona kwa nyuma. Herufi za muhuri huchongwa kinyume ili zikigonga karatasi zisomeke sawa, na ukiichonga serikali kinyume kila siku kwa miaka mingi, unaacha kuiogopa.

Wiki yangu ya pili kazini nilisahau hayo. Nilichonga herufi wima kama za gazeti, nikajisifu, nikamkabidhi mteja, katibu wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Akagonga barua zake miezi miwili, jina la ofisi likisomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Siku aliyorudi nilijificha nyuma ya pazia. Kumbe alikuja kuagiza mwingine kama ule, mpini umevunjika! Hakuna aliyekuwa amesoma hata barua moja. Watu walitazama tu kama duara la zambarau lipo. Nilicheka hadi nikatumwa nje nikanywe maji.

Aliyenituma ni Maalim Athumani, mwalimu wangu wa kazi. Mtu wa Lamu, mwembamba, asubuhi anakata mihuri na baada ya alasiri anasomesha watoto Kurani chuoni. Alinifundisha kupaka raba poda ya watoto ili mistari ya penseli ionekane, kuupasha wembe moto kidogo usiirarue, na kujaribu muhuri mara tatu kwenye karatasi ya kaki kabla ya kumwita mwenyewe. Tena alikuwa na sharti lake moja ambalo wateja walilichukia. Muhuri wa kikundi hakumkatia mtu mmoja. Lazima waje watatu, naye humuuliza kila mmoja kando, "Hiki chama chenu chafanya nini?" Majibu yakifanana, anakata. Yasipofanana, anawateremsha kwenye hoteli ya chini wakanywe chai mpaka wapatane.

"Lakini Maalim, huyu ni mwenyekiti," nilikuwa nikimwambia.

"Chama ni watu, mwanangu. Mimi nikiona mtu mmoja, naona mtu mmoja."

Basi mwaka mmoja Maalim alikwenda kwao kuzika, akaniachia funguo. Akaja bwana mmoja wa suti, peke yake, akasema yeye ni mwenyekiti wa wanawake wanaouza mboga kwenye kichochoro fulani. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na kiburi cha kuachiwa funguo. Nikamkatia. Wiki iliyofuata barua yenye muhuri wangu ilisema wanawake wale wamekubali kuhama kwa hiari yao wenyewe, na wakahamishwa kwa nguvu, pamoja na magunia yao. Maalim aliporudi hakunigombeza. Alinizungusha mji mzima, kwa kila mwanamke popote alipokuwa ametupwa, wote kumi na mmoja, na kwa kila mmoja alisema, "Huyu ndiye aliyekata," kisha akanyamaza ili niseme mimi. Wengi walinitukana nikashukuru. Mmoja, tuliyemkuta Kawangware, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Wewe ulituona wapi?"

Ninawaeleza haya msije mkadhani ninalilia zamani. Zamani nilizijua vizuri, nilikuwa nikizikatia raba. Afisa mmoja aliniagiza muhuri wenye neno moja tu, INASHUGHULIKIWA, akautumia mpaka herufi zikalainika kama sabuni iliyobaki bafuni, na sijasikia jambo hata moja alilolishughulikia. Fomu ya basari, msaada wa karo kwa mtoto wa maskini, ilitaka muhuri wa chifu, wa kanisa au msikiti, na wa shule, na kila muhuri ulikuwa na mlinzi wake mwenye kiu ya chai. Mzazi alimaliza viatu akithibitisha kwamba hana viatu.

Kwa hiyo mlipotuletea ule mfumo wa kugawa basari kwa simu, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Hakuna karani, hakuna "njoo kesho". Unabonyeza "Nakubali", mashine inachungulia simu yako: pesa zinazoingia na kutoka, umeme unaonunua, aina ya simu yenyewe. Kisha inakupa alama za umaskini. Watu wa Mutuini waliiita Kompyuta ya Umaskini. Mlituambia huo ni mwanzo tu, kwamba baadaye ushuru utajikata wenyewe, kura tutapiga tukiwa jikoni, na mbunge atabaki wa kufungua mikutano kwa maombi. Nikasema heri.

Haikuchukua muda watu wakajifunza kuwa maskini kitaalamu. Jirani yangu mwenye ng'ombe watatu wa gredi, wa maziwa mengi, akaanza kununua umeme wa shilingi ishirini ishirini, mara tano kwa siku. Simu kubwa zikawekwa kabatini, kila mtu akarudia mulika mwizi, simu ndogo ya tochi. Akatokea mpaka mshauri wa umaskini, kijana nadhifu sana, anakaa karibu na steji ya matatu, anakufundisha kwa ada nafuu jinsi ya kuonekana huna kitu. Wenye kitu walimlipa. Wasio na kitu hawakuwa na cha kumlipa, kwa hiyo mashine ikawaona wako vizuri.

Hapo ndipo anaingia Mama Joy. Mama huyu ni mjane kutoka kwetu magharibi, na ndiye aliyekuwa akiangalia ploti moja ya kupangisha hapa Mutuini, nyumba za mawe zilizopakwa rangi ya bluu, vyumba ishirini na viwili. Anafagia, anafungulia maji, anakusanya kodi. Mshahara wake ni kulala bure katika chumba kilicho karibu na lango, na kitu kidogo cha unga. Bintiye, Joy, alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Karo isipothibitishwa kufikia Ijumaa saa sita mchana, nafasi inapewa mwingine. Tegemeo lao lilikuwa basari.

Jumatatu Mama Joy alikuja kwangu ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mzee, nisomee hii kitu. Pengine macho yangu ni mabaya."

Macho yake yalikuwa mazima. Mashine ilisema: Ombi lako limekataliwa. Wewe ni mwenye kipato cha juu. Asante.

Nilimtazama, ameketi kwenye kochi langu na kandambili za rangi mbili, nikashindwa kama nicheke au nilie. Tulipokaa tukafikiri ndipo tukaelewa. Wapangaji wote ishirini na mmoja hutuma kodi kwenye simu yake, naye humpelekea mwenye ploti taslimu kwenye bahasha. Mashine iliona pesa zikimiminika kwa huyu mama kila mwezi, akizitoa zote, ikaamua ni tajiri mwenye anasa.

Mwenye ploti, ambaye wapangaji humwita Mdosi, yaani bosi, alikuwa amepanga hivyo makusudi ili mtu wa ushuru asimwone. Na hamkumwona hata ninyi. Katika kompyuta yenu Mdosi ni mkulima mdogo mwenye mbuzi wawili, na mwanawe alikuwa amepata basari nzima.

Jumanne tukashuka mjini, mimi na Mama Joy, hadi kwenye jengo la ofisi zenu. Jengo lile nililijua tangu zamani. Nilijua karani gani ana moyo na karani gani ana njaa. Tulikuta ukumbi mtupu, baridi, skrini moja kubwa ukutani inatabasamu, na askari wa mlangoni. Mbele ya askari ilikuwa foleni ya watu kama thelathini.

"Wanangoja nini?" nikamuuliza.

"Wananiambia shida zao, mzee," akasema askari. "Mimi nazirekodi kwa hii kitabu ya wageni."

"Halafu?"

"Halafu wanaenda. Ikijaa naanza ingine."

Alikuwa kijana muungwana. Alituandika: jina, namba ya kitambulisho, na kwenye nafasi ya "Unamwona nani" akaandika "Hakuna". Vijana wangu, hapo nilihisi uchungu ambao hata kwa yule wa INASHUGHULIKIWA sijawahi kuuhisi. Yule ungeweza kumchukia. Ulimjua kwa uso, ulijua anakula wapi, ungeweza kumfuata hadi kwenye sahani yake ya ugali umwambie anaua mtoto wa mtu. Sasa tulisimama mbele ya skrini, Mama Joy akaiamkia.

Mtu mmoja tu tuliyemjua ndani ya mambo hayo alikuwa Sheila, binti wa jirani yetu, fundi wa kompyuta katika kampuni iliyoandika ule mfumo. Kumpata Sheila si rahisi, simu yake inajijibu yenyewe. Lakini mama yake alituambia Jumatano anasukwa Kenyatta Market, na mwanamke anayesukwa rasta ndogo haendi popote kwa saa sita. Tukamkuta kwenye kiti, wasusi wawili wamemshika kichwa, mmoja kila upande, moshi wa nyama choma ukiingia mlangoni. Nikavuta stuli nikakaa mbele yake. Hata kichwa hakuweza kugeuza.

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, lazima niseme, ni mtoto mwenye adabu.

"Mzee Wekesa, naskia uchungu, honestly. Lakini system haiangalii mtu, inaangalia data. Hiyo ndio uzuri yake. Ikianza kuangalia mtu, tunarudi kwa kujuana."

Msusi wa kushoto akasimamisha mikono. "Kwani ni wewe ulitengeneza hiyo kitu? Mimi iliniambia niko na kipato cha juu kwa sababu hapa nalipwa na simu, na hiyo pesa nusu ni ya mwenye saluni! Basi leo pia mimi nakusuka bila kuangalia kichwa."

"Auntie, polepole, unanivuta!"

"Siangalii mtu. Naangalia nywele."

Saluni nzima ilicheka, na Sheila mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka, sijui kwa kicheko au kwa kuvutwa. Kisha akafikiri. Akasema kuna mlango mmoja wa rufaa, umefichwa chini kabisa ya ukurasa. Mashine hukubali kurekebisha hesabu ya mtu ikipata barua ya kikundi chenye wanachama wasiopungua kumi waliotia sahihi, kinachoeleza kwamba pesa zile si zake. Au barua ya mwenye pesa mwenyewe. Barua ipigwe picha, na lazima iwe na muhuri.

"Muhuri?" nikauliza. Nilidhani ananitania. "Kompyuta inataka muhuri wa raba?"

"Mkubwa wetu alisema, serikali ni serikali, lazima kuwe na muhuri mahali."

"Na kompyuta inausoma?"

"Inaangalia tu kama kuna round ya purple."

Nilimwagizia soda.

Mdosi tulimpigia tukiwa pale pale sokoni. Mama Joy aliongea naye kwa heshima zote, akimwita baba, akaweka simu kwa spika nisikie.

"Mama, pesa ikiingia kwa simu yako ni yako," Mdosi akasema. "Mimi sijui kitu. Mimi ni mkulima. Na ukiendelea na hizo story, kuna watu wengi wanatafuta kazi ya caretaker."

Nyumbani, Mama Joy alikaa kwenye kochi akatazama kabati langu. Anajua ndani kuna mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe kuna raba, wembe na pedi ya wino.

"Mzee, si unaweza kata tu yake? Ya Mdosi. Nani atajua?"

Nitawaambia ukweli, maana sina wa kumwogopa tena: nilitoa mkebe. Nilipaka poda. Nilichora jina la Mdosi kinyume, herufi safi, mkono haujasahau. Nilikuwa na hasira, na nilimpenda yule mtoto Joy, aliyekuwa akinisomea dawa zangu macho yalipofanyiwa upasuaji. Wembe ukiwa hewani nikamsikia yule mama wa Kawangware, waziwazi kama yuko jikoni kwangu. Nikaufuta uso wa raba kwa kidole.

"Siwezi," nikamwambia. Akainamisha kichwa. "Lakini kesho jioni, watu wakitoka kazini, waite wapangaji wote uani."

Alhamisi jioni walikuja kumi na wanane, wengine na vikombe vya chai mkononi. Nilikaa kwenye mtungi wa plastiki uliopinduliwa, mkebe magotini. Nikawaeleza kwa ufupi: Joy ana mpaka kesho saa sita, mashine inataka kikundi cha kweli, si cha uongo, na atakayetia sahihi ajue Mdosi atakasirika, kwa sababu barua itasema kodi ni yake. Kisha nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilimwita mmoja kando nikamuuliza, "Hiki chama chenu kinafanya nini?" Akasema kinamsaidia Joy. Wa pili akasema ni cha maji, kwa sababu mfereji unafungwa saa mbili. Wa tatu akasema ni cha kumtoa Mdosi, na akataka awe mwenyekiti. Nikawarudisha uani nikawaambia wapatane.

Walibishana saa nzima. Walibishana jina, walibishana kama wasio na watoto wanahusika. Mwalimu mmoja wa nasari aliyepanga chumba cha tisa alisimama akasema, "Jamani, sisi tukiwa mmoja mmoja, hiyo mashine inatuona vibaya na kwa Mdosi hatuonekani kabisa. Chama ni cha wapangaji kuonekana." Nikamuuliza mwingine, kisha mwingine. Majibu yakaanza kufanana. Ndipo nikachukua wembe nikakata, pale pale mbele yao: UMOJA WA WAPANGAJI, PLOTI YA BLUU. Watoto walinisimamia kichwani. Herufi moja ilipinda kidogo, uzee huo.

Mwalimu aliandika barua, akawa wa kwanza kuitia sahihi. Wakafuata wengine. Mmoja akaanza kisha akaweka kalamu, ana watoto wanne na hana pa kuhamia, na hakuna aliyemlaumu. Tukafika tisa. Tukakwama tisa, wengine wakimwogopa Mdosi.

Mwingine asiyetia sahihi alikuwa Oti, wa bodaboda, ameegemea pikipiki yake langoni muda wote. Mama Joy hakuthubutu hata kumtazama, na nilijua sababu. Mwezi uliopita Oti alichelewa na kodi, na Mama Joy, kwa amri ya Mdosi, aliweka kufuli lake juu ya kufuli la Oti. Siku mbili helmeti na rifleksta yake vilikuwa ndani, akapoteza kazi siku mbili na mkewe akalala kwa jirani na mtoto mchanga.

"Oti, ndugu yangu," mwalimu akaanza.

"Wacha," Oti akasema. Akaja mpaka mbele yangu. "Mzee, mimi sina ubaya na Joy. Huyo msichana ni poa. Lakini huyu mathe alinilock nje na mtoto mdogo, na hakuna mahali ningeenda kusema. Nilienda kwa nani? Kwa Mdosi? Sasa niambie. Hii chama kesho asubuhi inakufa, ama inaendelea?"

"Ni yenu," nikamwambia. "Mkiiua itakufa."

"Na mtu akifungiwa nyumba, inaweza kumuita caretaker ajielezee mbele ya watu?"

Nikawatazama wale tisa. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, na wengine pia.

Oti akachukua kalamu.

Nikagonga muhuri mara tatu kwenye kaki, kisha kwenye barua. Joy mwenyewe akapiga picha, akatuma. Watu wazima ishirini tukaizunguka simu moja iliyopasuka kioo. Dakika nne. Ombi lako limekubaliwa. Asante. Joy akapiga magoti chini, pale kwenye saruji, akalia kwa sauti, na mama yake akamwangukia mgongoni. Tulitaka kushukuru, tukakosa wa kumshukuru, tukashukuriana sisi kwa sisi. Mtu akakumbuka kwamba Mdosi huja Jumapili, mwingine akamwambia basi na aje.

Watu wakaanza kuokota vikombe vyao. Oti akasimama katikati ya uwanja.

"Msiende. Mzee, usifunge mkutano. Mimi nimesign. Ajenda ya kwanza ni kufuli."

Mtu mmoja akanong'ona kwamba si leo, mama ana furaha yake, muacheni. Oti hakusogea. Mama Joy alifuta macho kwa pembe ya leso, akamkabidhi bintiye simu, akavuta kigoda akakiweka pale ambapo kila mtu angemwona, akaketi.

"Haya," akasema, "niulizeni."